Bei ya Farasi wa Maranello

Majuma machache yaliyopita nilialikwa katika shule moja ya upili niwe mwamuzi wa mdahalo. Hoja iliyowekwa mbele ya wanafunzi ilisema kwamba hakuna gari duniani, liwe la kale au jipya, linalostahili kuuzwa kwa bei iwezayo kujenga shule. Nilipoisoma nilidhani vijana wangeyavamia magari ya waheshimiwa wetu, jambo ambalo lisingewakosesha makofi. La hasha. Msemaji wa kwanza, msichana mwembamba mwenye sauti ya kengele, alisimama akatueleza habari za gari moja tu: Ferrari 250 GTO lililoundwa mwaka 1962 na kuuzwa mnadani New York mnamo Novemba 2023 kwa dola milioni 51.7 za Marekani. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 6 za Kenya. Ukumbi ulizizima. Wapinzani wake walijibu kwamba soko ndilo lipangalo bei, na kwamba mwenye chake hana wa kumuuliza.

Nilitoa alama kwa ufasaha wa lugha na mpangilio wa hoja, kama sheria za mdahalo zitakavyo, nikaenda zangu. Lakini njiani jambo moja lilinisumbua. Kwa muda wa saa nzima hakuna kijana, upande huu wala ule, aliyemtaja mtu aliyeliunda gari lile, ilhali jina lake ndilo lililoandikwa juu yake. Walibishania bei kana kwamba gari lilijiotea kama uyoga. Nami naamini kwamba swali lao haliwezi kujibiwa sawasawa mpaka maisha ya mtu huyo yajulikane. Ndiyo maana leo naomba ruhusa ya msomaji niyasimulie, kisha nitoe uamuzi ambao siku ile sikuutoa.

Enzo Ferrari alizaliwa Februari 1898 katika mji wa Modena, kaskazini mwa Italia. Babake alikuwa na karakana ya chuma iliyoifanyia kazi kampuni ya reli, na mlio wa nyundo ndio uliomlea mtoto huyu. Alipokuwa na umri wa miaka 10, babake alimpeleka Bologna kutazama mbio za magari. Kuanzia hapo masomo yalimchosha. Mwaka 1916 ulikuwa wa misiba: babake alifariki, na kabla mwaka haujaisha nduguye wa pekee naye akamfuata. Karakana ikafa pamoja na mwenyewe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomwita, jeshi halikuona talanta yoyote kwake ila ya kuwapiga nyumbu viatu vya chuma. Homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 nusura imwue.

Alipopona alisafiri hadi Turin kuomba kazi katika kampuni ya Fiat. Alikataliwa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyokwenda kuketi kwenye benchi katika bustani ya Valentino, wakati wa baridi kali, akalia peke yake, asiye na baba, ndugu, fedha wala kazi. Msomaji alikumbuke benchi hilo, maana tutarudi kwake.

Kazi alizopata zilikuwa za kubahatisha, mpaka mwaka 1920 alipoingia Alfa Romeo akiwa dereva wa mashindano. Mwaka huohuo alishika nafasi ya pili katika mbio za Targa Florio kule Sicily. Hakuwa dereva mbaya, ila hakuwa wa daraja la kwanza, na nadhani alilijua hilo mapema kuliko wengine. Mwaka 1923 alishinda mbio karibu na Ravenna, na hapo ndipo alipokutana na wazazi wa Francesco Baracca, rubani mashuhuri wa vita aliyekwisha kuuawa. Rubani huyo alikuwa amechora farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma ubavuni mwa ndege yake. Wazazi walimpa Ferrari idhini ya kuitumia alama hiyo. Ferrari aliongeza rangi ya manjano, ambayo ni rangi ya Modena. Hivi leo farasi huyo anajulikana hata na watoto wasiowahi kuliona gari lenyewe.

Mnamo 1929 alianzisha kikosi chake cha mashindano kilichoyatunza na kuyaendesha magari ya Alfa Romeo. Mwaka 1932 mkewe Laura alimzaa mtoto wa kiume, Alfredo, waliyemwita Dino, na baba akaacha kushindana. Katika mwaka 1935 dereva wake Tazio Nuvolari aliwashinda Wajerumani nyumbani kwao, Nürburgring, kwa gari lililoonekana la kizamani mbele ya mitambo yao. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Ferrari alikosana na wakubwa wa Alfa, akaondoka mwaka 1939 akiwa amefungwa na sharti la kutotumia jina lake katika mashindano kwa miaka 4. Vita Vikuu vya Pili vikaja, karakana yake ikahamia Maranello mwaka 1943, na mwaka uliofuata ikapigwa mabomu.

Hatimaye, mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 49, alitoa gari la kwanza lenye jina lake. Liliitwa 125 S. Lilikuwa na injini ya silinda 12 iliyobuniwa na mhandisi Gioacchino Colombo, na mwezi wa Mei lilishinda mbio mjini Rome. Oktoba ya mwaka huohuo gari lake lilishinda Turin, katika bustani ileile ya Valentino. Ferrari alikwenda akalitafuta lile benchi, akaketi, akalia tena.

Sasa nawaomba wanafunzi wanisikilize vizuri. Gari hilo la kwanza, ambalo leo lingepigwa mnada kwa bei isiyoweza kukadiriwa, liko wapi? Halipo. Magari ya 125 S yalivunjwa na Ferrari mwenyewe, vipuri vyake vikatumiwa katika magari mengine. Si hayo tu. Mwaka 1961 dereva Phil Hill wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia kwa gari lenye pua iliyofanana na ya papa. Magari ya aina hiyo yaliyobakia yote yalikatwakatwa yakawa chuma chakavu msimu wa 1963 ulipokwisha. Hakuna hata moja lililosalia. Kwa mtu huyu gari la jana halikuwa na maana. Lilikuwa chuma kilichokwisha kazi yake, na chuma hicho kilichukua nafasi karakanani ambayo gari la kesho liliihitaji.

Hata magari aliyowauzia matajiri hakuyapenda kwa ajili yao. Aliyauza ili apate fedha za kushindana. Wafalme, waigizaji wa sinema na wenye viwanda walifika Maranello, wakasubirishwa kwenye chumba cha wageni, kisha wakalipa. Fedha zao zikageuka mishahara ya makanika na petroli ya siku ya Jumapili. Kwa hiyo ukiniuliza kama bei aliyotoza wakati ule ilikuwa halali, nitajibu bila kusita kwamba ilikuwa halali. Ilikuwa kubwa, lakini ilijulikana inakokwenda.

Tuliangalie basi gari la mdahalo wetu. 250 GTO liliundwa kati ya 1962 na 1964. Mhandisi wake mkuu, Giotto Bizzarrini, hakuimaliza kazi hiyo, kwa sababu mwishoni mwa 1961 yeye na wakuu kadhaa wa idara waligombana na Ferrari wakaondoka kwa pamoja. Aliyekabidhiwa mzigo ni Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26. Mabodi yalifanywa na Sergio Scaglietti na mafundi wake, ambao walilifinyanga bati la alumini kwa nyundo na macho zaidi ya kulifuata karatasi la michoro. Yeyote aliyewahi kupita Kamukunji, Nairobi, akawasikia mafundi wetu wa jua kali wakiligeuza bati kuwa sanduku, anaweza kuisikia karakana ile pia. Chini ya bodi mlikuwa na injini ya silinda 12 yenye uwezo wa lita 3 na nguvu za farasi wapatao 300.

Yaliundwa magari 36 tu. Kanuni za mashindano zilidai 100, lakini Ferrari alishikilia kwamba hilo lilikuwa gari lake la zamani la 250 lililovishwa bodi jipya, na wakubwa wa mchezo wakakubali. Basi msomaji ameona? Uhaba unaolipiwa mamilioni leo haukukusudiwa uwe johari. Ulitokana na mtu asiyekuwa na fedha wala haja ya kuunda 100, na aliyekuwa hodari wa kuipinda kanuni. Kule Marekani gari hilo liliuzwa kwa dola 18,000 hivi lilipokuwa jipya. Hizo zilikuwa fedha nyingi, lakini si za kujenga shule.

Baada ya miaka michache lilikuwa limepitwa. Magari mapya yalilishinda, na wamiliki wakalitupia jicho la kando. Hapa pana kisa ambacho laiti wale wanafunzi wangekijua. Gari mojawapo kati ya hayo 36 lilifika mikononi mwa tajiri mmoja wa Texas aliyekuwa na kikosi cha mashindano. Alipochoka nalo, alilitoa zawadi kwa shule ya upili ya mji wa Victoria, katika jimbo hilohilo, ili wanafunzi wa somo la ufundi wa magari wajifunzie. Naam, shule! Vijana waliichokonoa injini ya Colombo kwa spana zao, na gari likatumika katika maandamano ya sherehe za mji. Mwaka 1972 shule ililiuza kwa dola 6,500. Mnunuzi alilichukua hadi Ohio, ambako lilikaa nje miaka mingi likipigwa na mvua na theluji.

Sijui kama kuna mwalimu mkuu anayeweza kuisoma aya hiyo bila kushika kichwa. Lakini subira. Shule ile haikukosea hesabu. Mwaka 1972 hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kawaida ya gari kuukuu la mashindano, tena lisilofaa kupeleka watoto sokoni.

Bei ilipandaje, basi? Hapo lazima tuingie katika upande wa giza wa maisha haya, ambao watangazaji wa minada huupitia haraka. Dino, yule mwana wa pekee wa ndoa, alikuwa na maradhi ya kudhoofika kwa misuli. Babake aliandika kila siku katika daftari jinsi mwili ule ulivyokuwa ukiendelea, kama mhandisi apimaye injini. Dino alifariki Juni 1956 akiwa na umri wa miaka 24. Kwa miaka mingi iliyofuata Ferrari alianzia asubuhi zake makaburini. Alivaa miwani myeusi, akaacha kuhudhuria mbio, akawa mtu wa kuogopewa. Alikuwa pia na mwana wa nje ya ndoa, Piero, aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye hakupewa jina la babake mpaka Laura alipofariki mwaka 1978. Kijana akaishi zaidi ya miaka 30 katika kivuli hicho. Siwezi kumtetea baba kwa hilo.

Na madereva? Walikufa. Alberto Ascari, aliyempa ubingwa wa dunia mwaka 1952 na 1953, aliuawa Monza mwaka 1955 akilijaribu gari la Ferrari. Castellotti mwaka 1957, Musso na Collins mwaka 1958, von Trips mwaka 1961, Bandini mwaka 1967, Villeneuve mwaka 1982. Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia zilizopita barabara za kawaida za vijijini, gurudumu la gari la Alfonso de Portago lilipasuka karibu na Guidizzolo. Dereva na mwenzake walikufa, pamoja na watazamaji 9, na watoto 5 walikuwa miongoni mwao. Ferrari alishtakiwa, na kesi ilimwandama hadi 1961 alipoondolewa lawama. Gazeti la Vatikani lilimfananisha na yule mungu wa hekaya za kale aliyewala wanawe. Alihuzunika kila mara, na kila mara akaendelea.

Wakusanyaji wa leo wananunua yote hayo, wajue wasijue. Gari lililoendeshwa na mtu aliyekufa kijana huuzwa ghali kuliko lililoendeshwa na mstaafu. Gari la kiwanda kilichofungwa na mauti huuzwa ghali kuliko la kiwanda kilicho hai. Ferrari alipofariki tarehe 14 Agosti 1988, akiwa na umri wa miaka 90, wanunuzi waliingiwa na wazimu. F40, gari la mwisho kuzinduliwa akiwa hai, lilitangazwa mwaka 1987 kuwa lingeundwa kwa kiasi cha magari 400. Walanguzi walipanga foleni, kiwanda kikaunda zaidi ya 1,300. Mwaka 1989 GTO moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 10. Kisha uchumi wa Ujapani ukayumba, na mwanzoni mwa miaka ya tisini magari hayohayo yakauzwa kwa chini ya nusu ya bei. Baadaye yakapanda tena, mpaka dola milioni 48.4 mwaka 2018 na hizo 51.7 za mwaka 2023.

Nawaomba walimu wa hisabati wawape wanafunzi zoezi hili. Injini haikuongezeka hata silinda moja, wala alumini haikugeuka dhahabu. Ikiwa kitu ni kilekile na bei yake ni 6,500, kisha milioni 10, kisha nusu yake, kisha milioni 51, je, bei hiyo inaweza kusemwa kuwa imo ndani ya kitu? Mimi naona imo vichwani mwa watu wachache wenye fedha nyingi wanaotazamana. Wale vijana waliosema kwamba soko ndilo lipangalo bei walisema kweli, lakini walilijibu swali lisiloulizwa. Bei inaweza kuwa ya kweli na bado isistahili.

Hata hivyo siwezi kuwapa ushindi wote wapinzani wa gari. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilikubali kwamba umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa dhidi ya kuigwa, na nikilitazama pichani sioni kwamba mahakimu walikosea. Hatuwashangai wanaolipa mamilioni kwa turubai iliyopakwa rangi. Isitoshe, magari haya yanawalisha mafundi wazee wajuao kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha tena. Na mara mojamoja fedha hupata njia njema: Mercedes-Benz walipouza gari lao la mwaka 1955 kwa euro milioni 135 mnamo 2022, mapato yalianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana. Lakini hiyo ni hisani ya muuzaji. Katika minada mingi fedha hutoka mfuko mmoja uliojaa zikaingia mwingine uliojaa, na gari likahama kutoka banda moja lenye kufuli hadi jingine.

Kwa upande wangu, magari ya mtu huyu hayanijii akilini kwa bei. Pasaka ya mwaka 1975 nilikuwa mvulana kando ya barabara ya murram, nikisubiri Safari Rally pamoja na kijiji kizima. Peugeot la Ove Andersson ndilo lililoshinda mwaka ule. Lakini kilichotufanya turuke ni magari mawili mafupi ya Lancia Stratos, ya Sandro Munari na Björn Waldegård, yaliyomaliza ya pili na ya tatu. Yalikuwa na sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, mlio mkali uliopanda mlima kabla gari halijaonekana. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba injini ile ya silinda 6 ilitoka Maranello, na kwamba jina lake lilikuwa Dino. Ferrari aliamini kwamba wazo la injini za aina hiyo lilitokana na mazungumzo ya mwanawe akiwa kitandani mgonjwa pamoja na mhandisi Vittorio Jano. Jina la kijana asiyeweza kutembea lilipita kwetu kwa kishindo, likatuacha na vumbi puani.

Naam, Fiat, kampuni iliyomfukuza akalie bustanini, ilinunua nusu ya kampuni yake mwaka 1969. Ford wa Marekani walikuwa wamejaribu kuinunua mwaka 1963, naye akawakatalia dakika za mwisho alipotambua kwamba wangemnyima uhuru juu ya fedha za mashindano. Kwa hasira wakaunda gari lao, wakamshinda Le Mans mwaka 1966. Yeye hakujali sana thamani ya kampuni. Alijali ni nani atakayeamua gari la Jumapili ijayo liweje.

Uamuzi wangu basi, ingawa umechelewa, ni huu: hoja imepita. Bei ya 1962 ilistahili, kwa sababu ilinunua kazi. Bei ya 2023 haistahili, kwa kuwa inalipiwa kitu ambacho mwenyewe angekikatakata apate nafasi, na malipo hayo hayamfikii aliyekiunda wala waliokifia. Najua wapo watakaonipinga, na barua zao nitazisoma.

Mwalimu msimamizi wa mdahalo amenialika tena muhula ujao. Nimekusudia kuwapelekea vijana wale kisa cha shule ya Victoria na dola zake 6,500, nione ni upande upi utakaokuwa wa kwanza kukidai kuwa wake.